Nyapara na Aya ya Kumi na Tano

Saa kumi na mbili asubuhi, getini. Kama umewahi kuwa kibarua unaijua hiyo saa. Mnajipanga kwenye ukuta, mikono mifukoni, kila mmoja anajifanya hana wasiwasi. Kisha anatoka nyapara na daftari lake, kalamu sikioni, anaanza kuita majina. Ukiitwa unaingia. Usipoitwa unazuga kama dakika kumi hivi, huenda kuna mtu kaamka na homa, halafu unageuza kurudi ulikotoka.

Mwaka 2019 nilisimama kwenye ukuta wa namna hiyo kwa miezi minne, katika ghala moja kando ya Barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road. Jina la ghala naliacha. Zamu yetu ilikuwa na dada mmoja mwepesi sana wa mikono, anafunga maboksi wakati sisi wengine bado tunatafuta gundi. Huyo alikuwa anaitwa kila siku. Siku moja wakati wa chakula nyapara alimwambia maneno mbele ya watu, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na yule dada akamjibu kwa kifupi kwamba hapana. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Jumatatu iliyofuata jina lake halikuitwa. Jumanne halikuitwa. Alikuja siku tano, akasimama palepale, siku ya sita hakuja tena, na hakuna aliyefungua mdomo kuuliza.

Aliyesema kitu ni mzee mmoja mlinzi, na alisema akiwa kwenye kiti chake, kama anaongea na redio: "Enzi zetu huyu angesomewa aya."

Nilidhani anazungumzia msahafu. Nikamuuliza, mzee, aya gani? Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto aliyepotea sokoni. "Ya kumi na tano, mwanangu. Nyinyi hata hamkusoma."

Makala haya yametokana na hiyo aya. Nilianza kuitafuta nikidhani nitamaliza kwa siku moja, nikajikuta nimezama katika historia nzima ya nani anaruhusiwa kumfanya nani nini kazini katika nchi hii.

Tuanze na nyapara mwenyewe, maana huyu ni mkongwe kuliko sheria zote nitakazozitaja. Kabla Wajerumani hawajafika, mnyampara alikuwa kiongozi katika misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi, mtu mzima anayejua njia, anayejua wapi kuna maji, na ambaye wapagazi wenyewe walimheshimu. Mkonge ulipoingia mwaka 1893 na mashamba makubwa yakaanza kufunguliwa, neno lilihamia shambani na likabadilika tabia. Nyapara wa shambani alikuwa mtu wa bwana shamba, si mtu wa wapagazi tena. Kazi yake ilikuwa kuhesabu, kusukuma na kushtaki.

Na kushtaki kulikuwa na maana. Mwaka 1896 Kansela wa Ujerumani alitoa agizo juu ya adhabu katika makoloni ya Afrika. Mwajiri hakuwa na haja ya kwenda mahakamani. Alimpeleka mfanyakazi wake kwa afisa wa serikali akadai kwamba ni mvivu au mkaidi, na afisa aliweza kuamuru achapwe. Kipimo chake watu wa pwani walikipa jina, hamsa ishirini, viboko 25. Lakini kinachonishangaza zaidi ni kile agizo lilichokikataza: Waarabu na Wahindi wasichapwe, na wanawake pia. Kwa hiyo ubaguzi wa kazini hapa kwetu haukuwa tabia mbaya ya bosi fulani aliyeamka vibaya. Uliandikwa ndani ya sheria yenyewe, ngozi ipi ipigwe na ipi isiguswe.

Waingereza wakaja na lugha ya adabu zaidi. Sheria yao ya mwaka 1923 iliyahusu mabwana na watumishi wa kienyeji, ndivyo ilivyoitwa, na ndani yake mtumishi aliyeacha kazi kabla ya mkataba kuisha alikuwa ametenda jinai, anafungwa. Angalia hapo. Wewe na tajiri mmekubaliana kazi, mkikosana wewe unakwenda jela. Katika mkonge mtu alipewa kipande, kadi ya siku thelathini, na siku ilihesabiwa tu ikiwa amemaliza ngwe yake na nyapara ametia alama. Nyapara akikunyima alama, umefanya kazi bure. Wale walioletwa kutoka mbali kwa mikataba waliitwa manamba, kutokana na namba, yaani hata jina la mtu lilikuwa halina kazi.

Maofisini mambo yalikuwa safi zaidi kwa nje. Karani Mwafrika mwenye vyeti sawa na Mzungu, anayefanya kazi ileile, alilipwa kwa kanuni ya tatu kwa tano: Mzungu akipata shilingi tano, yeye tatu. Si uvumi wa vijiweni huo. Tume ya Holmes iliyoangalia mishahara ya serikali Afrika Mashariki mwaka 1947 na 1948 iliitetea kanuni hiyo kwa maandishi. Ni Tume ya Lidbury, mwaka 1954, iliyopendekeza ngazi za mishahara zisifuate rangi tena, ingawa wageni waliongezewa posho ya kuwavutia, na ukijumlisha unaona pengo limerudi kwa mlango wa nyuma.

Halafu Uhuru. Hapa wengi tunaruka moja kwa moja hadi Azimio la Arusha, na mimi naona tunaruka kitu muhimu. Mapema Januari 1964 Nyerere alitoa waraka kwamba katika ajira za serikali upendeleo kwa Mwafrika dhidi ya raia wa rangi nyingine uishe. Raia ni raia. Fikiria ugumu wake. Miaka miwili tu tangu bendera ishuke, watu bado wana makovu ya tatu kwa tano, na Rais anawaambia tusilipize. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi walipinga vikali. Tarehe 20 mwezi huohuo askari wa kambi ya Colito wakaasi, wakidai mishahara na maafisa Waafrika. Maasi yalipozimwa, viongozi wengi wa wafanyakazi walikamatwa, shirikisho lao TFL likavunjwa, na kikaundwa chama kimoja, NUTA, chini ya mkono wa serikali. Yaani katika mwaka uleule taifa lilipokataa ubaguzi wa rangi kazini, mfanyakazi alipoteza chama chake huru. Sijui kama yalilazimika kwenda pamoja. Wazee niliowauliza wanagombana hadi leo.

Badala yake alipewa sheria ya kulinda ajira, pia ya mwaka 1964. Ilikuwa na jema: mwajiri hakuweza tena kumfukuza mtu papo kwa papo bila kupita kwenye kamati ya wafanyakazi. Lakini ilifungashwa na jedwali la nidhamu, na jedwali hilo lilihusu makosa ya mfanyakazi. Kuchelewa kuna adhabu yake, kukosekana kuna adhabu yake, ukirudia adhabu inapanda. Unasoma ukurasa baada ya ukurasa unatafuta wapi mkubwa anaadhibiwa kwa kumdhalilisha mdogo, na jedwali limekwisha.

Na ndipo tunaifikia aya. Februari 1971, wiki chache baada ya Idi Amin kupindua serikali Uganda, Halmashauri Kuu ya TANU ilitoa Mwongozo. Sehemu kubwa yake inahusu ulinzi, ukombozi, mabeberu. Aya ya 15 inahusu kitu kidogo kwa sura: tabia ya kiongozi. Inamkataza asiwe na makuu, dharau na uonevu kwa anaowaongoza. Ni hayo tu. Lakini waliosoma hayo hawakuwa wajumbe wa mikutano peke yao. Walikuwa pia watu wa viwandani Dar es Salaam, wenye mameneja waliowatukana tangu asubuhi, na wakajiuliza, kwani meneja si kiongozi?

Kati ya 1971 na 1973 kulikuwa na wimbi la migomo ambalo halikufanana na migomo ya kawaida. Hawakudai mshahara kwanza. Walidai heshima. Walimfungia meneja nje ya geti, wakaendelea na kazi bila yeye, wakamwita kiongozi wa chama na kumsomea aya ya 15. Issa Shivji ameieleza migomo hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1976 juu ya mapambano ya kitabaka Tanzania, na ukikisoma unaona jinsi lawama ya matusi na dharau ilivyokuwa inajirudia kiwanda hadi kiwanda. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikwenda mbali zaidi, wakakichukua kiwanda chenyewe.

Mzee wangu wa getini alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu wakati huo, katika kiwanda ambacho hakupenda kukitaja. Anasema kulikuwa na msimamizi aliyekuwa akipita nyuma ya mstari wa akina mama akiwafinya. Miaka miwili watu waliona. Asubuhi moja mama mmoja akazima mashine, wa pili akazima, kufika saa nne kiwanda kizima kimya. "Tulikuwa na kijitabu," akasema, "mwenzetu mmoja alikuwa akijua kusoma vizuri, akapanda juu ya boksi." Msimamizi aliondoka siku ileile. Hiyo sikuikuta katika kitabu chochote, naiandika kama nilivyosimuliwa.

Sasa usidanganyike na utamu wa hadithi. Mwongozo haukuwa sheria. Hakimu asingeweza kukufunga kwa kuvunja aya ya 15, wala kumlipa yule mama fidia. Nguvu yake ilitegemea kama chama kinawasikiliza wiki hiyo. Serikali ilipochoka na migomo, wafanyakazi waliojaribu kuchukua sehemu zao za kazi kama wenzao walikutana na polisi, na wimbi likakatika. Kijitabu kikabaki. Kuna vitu vingine vilivyoendelea kwa njia ya sheria, kimyakimya: mwaka 1975 likizo ya uzazi yenye malipo, siku 84, ilipanuliwa mpaka kwa mfanyakazi ambaye hajaolewa. Kabla ya hapo mimba ya asiye na cheti cha ndoa ilikuwa shida yake mwenyewe. Lakini kuhusu kufinywa, kuitwa ofisini jioni, kuambiwa kazi ipo ila na wewe ujiongeze, kulikuwa na ukimya.

Nadhani sehemu ya ukimya ilikuwa ya lugha. Sisi tunaoandika tunapaswa kulifikiria hili. Uliita nini jambo lile? Kutongozwa? Lakini kutongozwa ni kitu cha kawaida, kina mashairi yake na taarabu yake. Utani? Watu walisema "bosi kampenda," na sentensi hiyo ilifunga kesi. Jambo lisilo na jina huwezi kulipeleka polisi. Neno lililokuja kushika, unyanyasaji wa kijinsia, ni refu na lina harufu ya semina, kweli, lakini lilipiganiwa. Mwaka 1987 wanahabari wanawake walianzisha chama chao, TAMWA, na wakatoa jarida la Sauti ya Siti, jina la Siti binti Saad. Mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa kike wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alijiua baada ya kuandamwa na kikundi cha wanafunzi kilichojulikana kama Punch, na kifo hicho kiliwatoa watu usingizini. Wanahabari na wanasheria wanawake waliandika, wakapiga kelele, wakaambiwa wanaiga Wazungu, wakaendelea.

Miaka minane baadaye, mwaka 1998, Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, hiyo wanayoiita SOSPA. Iliingiza katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 138D, na kwa mara ya kwanza kosa likawa na sura: kumsumbua mtu kijinsia kwa maneno au vitendo, na sheria ikamtaja waziwazi mwenye mamlaka mahali pa kazi. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili. Faini hiyo ilikuwa na uzito wake mwaka ule. Mwaka 2000 Katiba nayo ikarekebishwa, na jinsi ikaingia katika ibara ya 13 miongoni mwa misingi ambayo mtu hawezi kubaguliwa kwayo. Ndiyo, mwaka 2000. Kwa miaka mingi Katiba ilikuwa inakataza ubaguzi wa rangi na kabila, na jinsi haikuwemo kwenye orodha.

Lakini jinai ni panga zito. Unatakiwa kwenda polisi, kuthibitisha pasipo shaka, na huku umeshapoteza kibarua. Kilichokuwa kinakosekana ni sheria ya kazi yenyewe kusema kwamba hili ni jambo la kazi, na mwajiri ndiye ajibu. Hiyo ilikuja na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004. (Zanzibar wana yao, ya 2005.) Kifungu cha 7 ndicho mrithi wa ile aya, ingawa hakuna anayekisoma juu ya boksi. Kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na wa kuzunguka, kwa rangi, utaifa, kabila, dini, siasa, jinsi, ujauzito, ndoa, ulemavu, VVU, umri na mengine. Kisha kinasema kitu ambacho jedwali la 1964 halikukiota: kumsumbua mfanyakazi kwa misingi hiyo ni ubaguzi. Na kinageuza mzigo. Mfanyakazi akishaonyesha dalili za kutosha kwamba amebaguliwa, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba haikuwa hivyo. Kutoka hamsa ishirini hadi mwajiri ajieleze! Kanuni za mwaka 2007 zikafafanua zaidi juu ya unyanyasaji wa kijinsia kazini, na mwaka huohuo sheria ya kupambana na rushwa, kifungu cha 25, ikafanya kuwa jinai kwa mwenye madaraka kudai ngono ili atoe ajira au cheo. Rushwa ya ngono, TAKUKURU.

Sasa rudi nami ukutani. Sheria hiyohiyo ya 2004, kifungu cha 35, inasema kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Sisi sote pale tulikuwa na miezi miwili, mitatu, minne. Unaona dili ya daftari? Hakuna anayefukuzwa. Jina halisomwi, basi. Tuliokuwa na habari kidogo ya sheria tulijua hilo moja, kwamba hatuna kesi, na tukaishia hapo. Ambacho hakuna aliyekijua ni kwamba kifungu cha 7 hakina miezi sita. Kinamlinda hata mtu aliyekuja tu kuomba kazi, hata hajashika boksi moja. Yule dada alikuwa na pa kwenda, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, akajaza fomu namba moja, hahitaji hata wakili. Lakini ndani ya siku 60. Kwa madai ya kuachishwa ni siku 30. Ukipitisha, unaanza kwanza kuomba kusikilizwa nje ya muda na kutoa sababu.

Na yote hayo yaliandikwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu Bunge lilipobadilisha ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Mwongozo wa 1971 ulikuwa wa Kiswahili, kijitabu cha kuingia mfukoni. Sisemi turudi kule, chama kimoja kinakupa aya leo na kesho kinakuletea polisi. Ila kibarua wa 1972 aliijua namba ya aya yake, na mimi, mtu wa kidato cha sita, ninayejidai naandika, nilisimama getini miezi minne bila kujua namba saba.

Yule dada nilimwona tena mwishoni mwa 2021, Gongo la Mboto, karibu na kituo cha daladala, anakaanga samaki. Alinitambua kabla sijamtambua. Nikaagiza wawili, nikaanza kumweleza, haraka haraka kama mtu anayelipa deni: kifungu cha 7, mzigo wa ushahidi, fomu, siku 60. Alisikiliza huku akigeuza samaki. Akaanza kuhesabu miezi kwa vidole, akafika ishirini na kitu, akaacha.

"Na shahidi?" akauliza.

Nikamwambia shahidi anaitwa baadaye, shauri likifika kwenye kusikilizwa.

"Nani angekuja?"

Nikasema mimi ningekuja.

"Kaka, wewe ulicheka," akasema, bila hasira, akanifungia samaki kwenye gazeti na kunihesabia chenji.